Karo ndogo ao karo kubwa mu bafu? Uliza kwanza maji yatapita wapi

Kila mwaka mvua ikikatika, Lubumbashi inakuwa shantie moja kubwa. Toka Ruashi mpaka Kasapa, toka Katuba mpaka kwenye parseli mpya za Annexe, unaona malundo ya mchanga mbele ya milango, matofali yamepangwa, mafundi wako juu ya mabati. Ni wakati ambapo watu waliochunga franga zao kidogo kidogo wanamalizia nyumba: kupaka rangi, kufunga madirisha, kuweka karo. Na kwenye karo za bafu ndipo ugomvi unaanzia, mara nyingi palepale mbele ya kenkayeri, kartoni ziko chini na bei bado haijaisha kujadiliwa.

Bwana anataka zile za sentimeta 60 kwa 60, zenye wauzaji wanaita swasanti-swasanti, juu ya ndizo amekwisha kuweka mu salon na kartoni mbili zimebaki. Bibi anakumbuka bafu ya mama yake, karo ndogo ndogo, hakuna mutu aliyeanguka mule. Muuzaji naye anasukuma upande wake: “Mama, kamata ya mukubwa, njo iko mode, na fundi atamaliza mbio.” Fundi akiulizwa, anaangalia kwanza nani mwenye kulipa.

Wote wanazungumza uzuri. Si vibaya, nyumba ni yako na macho ni yako. Lakini bafu si salon. Salon unaipangusa na kitambaa chenye maji kidogo. Bafu unaimwagia ndoo nzima kila asubuhi, na watu wanatembea mule miguu mitupu, na sabuni. Kwa hiyo tuseme jibu letu mapema, halafu tueleze: ukutani, karo kubwa hazina shida kama ukuta umenyooka. Chini, pale maji yanaangukia, weka ndogo. Sababu ya kwanza ni mteremko, ya pili ni kisigino.

Picha nyingi tunazoonyeshwa kwenye simu zinatoka Ulaya ao Dubai. Kule dushi iko kwenye kona yake, na kisahani chake cha chini ama kioo cha kuzuia maji, na sehemu nyingine yote ya bafu inabaki kavu. Ni chumba kingine kabisa. Hapa kwetu wengi wanaoga katikati ya chumba, na beseni, ndoo na kikopo. Hata yule aliyefunga bomba la juu anachunga ndoo pembeni, maana maji ya Regideso hayafiki kila saa, na mwenye foraji anangojea umeme wa SNEL ili pompi izunguke. Maji yetu hayaangukii kona moja, yanaangukia chumba kizima. Ndiyo sababu chini pote panapashwa kuinama kuelekea sifo, ule mdomo wa chini unaokunywa maji.

Kuinama kwa kiasi gani? Sentimeta 1 mpaka 2 kwa kila meta. Bafu ya meta 2, sifo ikiwa upande wa mwisho, upande wa mlango unapashwa kuwa juu kwa sentimeta 2 mpaka 4. Ni kidogo, jicho haliwezi kuona, lakini maji yanaona.

Sasa kamata sahani ya kulia chakula, ile yenye kuingia ndani kidogo. Weka juu yake kipande cha kartoni ngumu. Kartoni inabaki imelala juu ya midomo ya sahani, chini yake kuko utupu. Halafu kamata punje za mahindi, uzimwage mu sahani ileile: kila punje inalala fasi yake na zote pamoja zinafuata umbo la sahani. Karo ya 60 kwa 60 njo ile kartoni. Haikunjiki. Chini ya bafu yenye sifo katikati ni sahani yenye kuinama pande nne, na karo kubwa haiwezi kuinama pande nne kwa wakati moja.

Fundi mwenye kujua kazi ana dawa yake: anaikata karo kwa pembe, kama bahasha ya barua, pande nne zinakutana kwenye sifo, kila upande na mteremko wake. Ikifanywa vizuri inapendeza sana. Lakini inaomba mashine ya disiki, disiki yenyewe nzuri, umeme usiokatika katikati ya kukata, na siku moja zaidi ya kazi. Tunachokiona kwenye nyumba nyingi ni kingine. Fundi anaitandika karo kubwa sawasawa kama mu salon, anatoboa tundu moja kwa sifo, anaondoka na franga zake. Siku ya kwanza ya kuoga, maji yanasimama. Bibi anachukua raklete, ile ya mupira, anayasukuma na mkono, na kazi hiyo ataifanya kila siku, miaka yote atakayokaa katika nyumba ile. Ama fundi anajaribu kulazimisha mteremko, karo moja inainuka pembe, na pembe ile itakuwa inakula vidole vya watoto.

Kuna hali moja ambapo karo kubwa chini inakubali. Ni pale sifo si tundu la katikati lakini ni mfereji mrefu, wenye chuma cha matundu, unaokwenda ukuta mpaka ukuta. Hapo mteremko ni wa upande moja tu, chumba kizima kinainama kama bati la nyumba, na karo ya 60 inalala bila kukatwa. Mfereji ule unauzwa mjini lakini bei yake iko juu, na unapashwa kupangwa mbele ya kumwaga betoni. Ukiwa umekwisha kumwaga na tundu la sifo liko katikati, usianze kuota.

Tuingie kwa kisigino. Mguu wenye maji na sabuni unashika chini kwa njia mbili: kwa ngozi ya karo yenyewe, na kwa mistari ya kati ya karo na karo, ile jointi. Hesabu hii fanya mwenyewe na kalamu. Meta moja ya mraba ya karo za 10 kwa 10 ina karibu meta 20 za jointi. Za 20 kwa 20, meta 10. Za 30 kwa 30, karibu meta 6 na nusu. Za 60 kwa 60, meta 3 na kitu. Kila mstari ni kama kidole kidogo kinachoshika mguu. Mtu akisimama juu ya karo za 10, kila mguu unakanyaga jointi mbili tatu. Juu ya karo ya 60 anaweza kusimama na miguu yote miwili juu ya karo moja tu, na kama karo ile ni ya kung'aa, amesimama juu ya kioo chenye sabuni.

Kijana akiteleza anacheka, anasimama. Nkambo wa miaka 70 akiteleza, ni mfupa wa nyonga, na mfupa wa nyonga kwa mzee ni kitanda kwa miezi, ama zaidi ya hapo. Mwanamke mwenye mimba vilevile. Nyumba nyingi za kwetu hazikai na bwana na bibi peke yao. Kuko mama mkwe aliyetoka kijijini kutibiwa, kuko watoto wanaokimbia. Bafu inajengwa kwa ajili ya yule dhaifu kupita wote.

Lakini msikilizaji asielewe vibaya: udogo peke yake hautoshi. Karo ndogo yenye kung'aa nayo inateleza, na iko karo ya 30 yenye ngozi mbaya-mbaya inayoshika vizuri kuliko ndogo laini. Kwenye kartoni za kampuni zingine unakuta herufi R na namba, R9 mpaka R13. Namba ikipanda, karo inashika zaidi. Ile hupimwa na viatu. Kwa mguu mtupu Wajerumani wana kipimo kingine cha A, B na C, na kwa fasi ya kuogea B ni nzuri. Kartoni isiposema kitu, omba muuzaji akupe karo moja, imwagie maji kidogo, paka sabuni, toa kiatu, kanyaga, sukuma kisigino polepole. Watacheka kidogo pale kenkayeri. Waache wacheke.

Sasa upande wa wale wanaopenda kubwa, maana nao wana neno lao la haki. Jointi inachafuka. Hapa kwetu kiangazi kinaleta vumbi nyekundu inayoingia mpaka ndani ya kabati, na jointi nyeupe inakuwa rangi ya matofali kwa miezi michache. Maji ya foraji nayo mara nyingi yanaacha weupe wa chokaa. Meta 20 za jointi ni meta 20 za kusugua na brosi. Mama anayefua, kupika na kwenda sokoni hana muda wa mambo hayo, na ana haki kukasirika na yeyote anayemushauri karo za sentimeta 5.

Ndiyo sababu sisi hatusemi ndogo kabisa. Zile za sentimeta 5 zilizobandikwa juu ya wavu zinapendeza na zinafuata mteremko wowote, lakini zinakula jointi nyingi na zinamtaka fundi mvumilivu. Kwa bafu ya kawaida ya Lubumbashi, ya 20 kwa 20 ni nzuri sana ukiipata, na ya 30 kwa 30, tranti-tranti, yenye ngozi isiyong'aa, ni ya kati na kati; karibu na sifo fundi ataikata mara mbili tatu, pengine popote italala. Rangi ya jointi ya chini, chagua kijivu. Nyeupe acha kwa ukuta.

Jambo lingine ambalo watu wengi wanaamini vibaya: kwamba jointi inazuia maji. Jointi ya kawaida ni simenti, na simenti inakunywa. Kinachozuia maji kushuka ni kile kilicho chini ya karo: simenti iliyochanganywa vizuri na dawa ya kuzuia maji, ama ile rangi nzito ya mupira inayopakwa mara mbili chini na kwenye ukuta mpaka fasi maji yanarukia, na kwenye kona zote. Ukiruka hatua ile, hakuna karo ya ukubwa wowote itakayokuokoa. Utaona kwenye chumba cha kulala cha jirani na bafu: rangi inatoka maganda, ukuta unatoa chumvi nyeupe, harufu ya unyevu haitoki hata ufungue dirisha kutwa nzima. Kuvunja karo ili kurudia ni kulipa mara mbili, na karo zilizovunjwa hazirudi dukani.

Haya, ukuta. Huku kubwa zina faida ya kweli. Karo ya 30 kwa 60 iliyosimama inafanya chumba kidogo kionekane kirefu, mistari ni michache, kusafisha ni haraka, na hakuna mtu anayetembea ukutani. Ule usemi kwamba chumba kidogo kinataka karo ndogo si wa kweli kwa upande wa macho. Mistari mingi ndiyo inakata chumba vipande vipande.

Ila ukuta wenyewe uko namna gani? Karo kubwa inataka ukuta ulionyooka. Weka ubao mrefu wa kunyooshea juu ya ukuta. Ukiona mwanga unapita chini ya ubao kwa zaidi ya milimeta chache, basi karo za 60 zitaonyesha ule upotovu kwa kila mtu atakayeingia, pembe moja itatoka nje, nyingine itaingia ndani. Karo ndogo zinasamehe. Na ukuta wa matofali ya mbichi, kama nyumba nyingi za pembeni ya mji, ni hatari kupita. Karo moja ya 60 kwa 60 yenye unene wa milimeta 9 ina karibu kilo 7 na nusu. Pakiti kilo zile juu ya lipu nyembamba iliyoshikwa na udongo, ongeza unyevu, na siku moja karo itashuka na lipu yake. Matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu, ama blok za simenti, yanabeba bila shida kama lipu iko ya simenti na imekauka.

Kuhusu namna ya kubandika tuseme kwa nguvu kidogo. Mafundi wengi wanaweka vishimo vitano vya simenti nyuma ya karo, nne kwenye pembe na moja katikati, halafu wanaigonga na mupira. Mu katikati ya vile vitano kuko hewa. Gonga na kidole karo zilizobandikwa hivyo, utasikia inalia kama ngoma. Chini, siku ndoo iliyojaa inaangukia pale penye hewa, karo inapasuka. Karo kubwa inataka kola ya karo, siyo maji ya simenti peke yake, itandazwe na mwiko wa meno kwenye ukuta na ipakwe pia nyuma ya karo. Kola inagharimu. Mtu aliyenunua karo kubwa kwa bei nafuu bila kuhesabu kola amehesabu nusu ya safari.

Na bei nafuu ile ina sababu. Miaka hii viwanda vikubwa vya karo vimefunguliwa jirani na sisi, Zambia na Tanzania. Kule mkoa wa Pwani kuna Goodwill huko Mkuranga na Keda huko Chalinze. Malori ya barabara ya Dar es Salaam yanapita Tunduma, yanavuka Zambia, yanafika Kasumbalesa, na kutoka pale mpaka hapa ni kama kilometa 90. Karo ya 60 siyo tena kitu cha wakubwa wa kartie Golf peke yao. Hilo ni jema. Ila karo kuwa rahisi hakufanyi bafu kuwa salon.

Tufanye hesabu ya bafu moja, ya meta 2 kwa meta 1 na nusu. Chini ni meta 3 za mraba. Ukitumia 20 kwa 20, unapanga 10 upande moja na 7 na nusu upande mwingine: karo 75, hakuna karibu kinachotupwa. Kwa 30 kwa 30, ni karo 35, mstari moja unakatwa. Kwa 60 kwa 60, fundi mwangalifu anayetumia vipande vyake vyote anamaliza na karo 9. Asiye mwangalifu anakula 12, na hapo bado hatujakata bahasha kwenye sifo. Kartoni ya 60 kwa kawaida ina karo 4, kwa hiyo unalipa kartoni tatu namna yoyote. Kwa ukuta, pima mzunguko: meta 7, zidisha na meta 2 za kwenda juu, ni 14, toa mlango, inabaki kama 12 na nusu. Juu ya kila hesabu ongeza sehemu 10 kwa 100 kwa kuvunjika na kukata.

Mbele ya kulipa angalia mgongo wa karo. Ile nyepesi, inayokunywa tone la maji upesi, ni fayansi, ni ya ukuta, usiiweke chini hata muuzaji aape. Ile nzito, ambayo tone linakaa juu yake bila kuingia, ni gre, hiyo inakubali chini na inakubali ukuta. Wengi wamepoteza chumba kizima juu ya kutojua tofauti hii ndogo.

Na fundi, mpatane mbele ya kuanza kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatoka baada ya ndoo. Kwanza, simenti ya mteremko ikikauka na karo bado hazijawekwa, mwaga ndoo moja karibu na mlango. Maji yote yanapashwa kwenda sifo yenyewe, bila raklete. Yakibaki kidimbwi, fundi arekebishe pale pale, wakati bado ni simenti tu. Halafu karo zikimaliza na jointi imekauka, rudia ndoo ileile. Fundi mzuri hatachukia; wengine wanafanya wenyewe kabla hujawaomba.

Ukifungua kartoni, soma namba za pembeni, ya rangi na ya kipimo. Kartoni zote za chumba kimoja ziwe na namba moja, maana karo za jina lilelile zilizopikwa siku mbalimbali zinatofautiana kidogo, na tofauti ile inaonekana jioni ukiwasha taa. Nunua kartoni moja zaidi, uichunge chini ya kitanda. Lori litakalopita Kasumbalesa mwaka ujao halitaleta rangi ileile.